Nyuma ya Bamba: Mabonyeo Yasiyofikika na Historia ya Ufundi wa Bodi za Pikapu, 1925–1984

Utangulizi

Fundi anayenyoosha bonyeo katika bodi ya gari huanza kwa kutafuta njia ya kufika nyuma yake. Kanuni hii ina umri mkubwa kuliko gari lenyewe, kwa kuwa mfua shaba naye hupiga bamba upande mmoja huku akilikinga upande wa pili. Panapofikika, kazi ni ya nyundo na fuawe ndogo ya mkononi. Pasipofikika, fundi hubakiwa na njia nne: kufungua, kukata, kuvuta kutokea mbele, au kufukia. Makala haya yanachunguza jinsi mafundi walivyohama kutoka njia moja kwenda nyingine katika historia ya pikapu, kuanzia pikapu ya kwanza ya kiwandani ya Ford mwaka 1925 hadi nusu ya kwanza ya miaka ya 1980.

Pikapu imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hubonyea kwa pande zote: kwa nje hugongwa, na kwa ndani hupokea mawe, mapipa na magogo yanayorushwa katika sanduku lake la mizigo. Pili, ni gari lililobuniwa kwa ajili ya kazi na kuja kupambwa baadaye ili lifanane na gari la familia; na mapambo hayo, kama itakavyoonekana, ndiyo yaliyomfungia fundi njia.

Hoja kuu ni kwamba kutofikika si sifa ya bonyeo. Ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa kiwandani. Kwa hiyo puti, ambayo wakarabati wengi wa magari ya kale huitazama kama ushahidi wa uvivu wa fundi aliyetangulia, inapaswa kusomwa kwanza kama jibu kwa bodi iliyofungwa. Nasema "kwanza" kwa makusudi, kwa sababu uvivu nao ulikuwapo, na nitaurudia.

Swali hili linagusa mjadala mpana zaidi. Harry Braverman, katika Labor and Monopoly Capital (1974), alidai kwamba ubepari wa viwanda humpokonya mfanyakazi ujuzi wake na kuuhamishia kwa uongozi na mashine. Ukimtazama fundi wa bodi kwa miwani hiyo, simulizi huandikika kwa urahisi: palikuwa na bingwa wa nyundo, ikaja puti, ujuzi ukafa. David Edgerton naye, katika The Shock of the Old (2006), aliwataka wanahistoria waitazame teknolojia kwa kufuata matumizi na matunzo yake badala ya uvumbuzi pekee. Joshua Grace amefanya hivyo kwa Tanzania katika African Motors (2021), akiwaweka mafundi wa gereji mahali ambapo kwa kawaida waliwekwa wahandisi na serikali. Hata hivyo, katika maandishi ya aina hii injini imepewa nafasi kubwa kuliko bodi. Bodi huonekana kama suala la sura tu. Mtazamo huo ni wa kujutia, kwa maana hakuna sehemu ya gari inayohifadhi alama za mkono wa fundi kama bamba la bodi.

Bamba lililokuwa wazi

Magari ya mwanzo yalikuwa na bodi za mbao zilizofunikwa kwa mabamba membamba. Mabadiliko makubwa yalitoka Philadelphia, ambako Edward G. Budd alianzisha kampuni yake mwaka 1912 na, akisaidiana na mhandisi Joseph Ledwinka, akaunda bodi za chuma kitupu zilizokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Kampuni ya Dodge ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Chuma laini cha bodi hizo kilikuwa na tabia mbili ambazo fundi alilazimika kuzijua: hunyumbulika na kurudi mahali pake kikisukumwa kidogo, lakini kikikunjwa kupita kiasi hubaki na umbo jipya na hukakamaa palepale kilipokunjwa.

Mwaka 1925 Ford ilianza kuuza gari lake la Model T likiwa na sanduku la mizigo lililotengenezwa kiwandani, kwa bei ya dola 281. Sanduku hilo lilikuwa la chuma na la wazi. Ubavu wake ulikuwa bamba moja tu: bonyeo la nje lilionekana ndani kama kinundu, na fundi angeweza kusimama ndani ya sanduku na kukipiga kinundu hicho huku msaidizi wake akishikilia fuawe kwa nje. Miaka 22 baadaye, pikapu za Chevrolet zilizotoka mwaka 1947 zilikuwa na umbo la mviringo zaidi na kebini kubwa zaidi, lakini kanuni ilikuwa ileile. Madigadi yalifungwa kwa bolti na kufunguka, na sanduku lilikaa katikati yake likiwa na kuta za bamba moja. Sehemu sugu zilikuwa chache na zinajulikana hadi leo kwa yeyote anayekarabati magari hayo: pembe za kebini nyuma ya milango, sehemu ya chini ya milango yenyewe, na mifuko ya kuchomeka nguzo kwenye kingo za sanduku.

Chanzo bora cha kuelewa ufundi wa kipindi hicho ni kitabu cha Frank T. Sargent, The Key to Metal Bumping, kilichotolewa mwaka 1939 na watengenezaji wa zana za Fairmount. Ni kitabu cha kuuzia nyundo, na mtafiti hana budi kukumbuka hilo. Lakini ndani yake mna nadharia kamili. Sargent alifundisha kwamba katika eneo lote lililobonyea, sehemu ndogo tu ndiyo iliyoharibika kwa kweli, yaani mikunjo iliyokakamaa. Sehemu iliyobaki imevutwa tu na mikunjo hiyo, na itarudi yenyewe mikunjo ikifunguliwa. Kwa hiyo fundi hapaswi kuanza kupiga katikati ya bonyeo, mahali ambapo jicho la asiyejua hukimbilia. Anatakiwa kusoma jinsi ajali ilivyotokea na kuurudisha uharibifu kinyumenyume: mkunjo uliotokea mwisho ndio wa kwanza kuondolewa.

Kwa maneno mengine, fundi alikuwa mwanahistoria wa ajali. Na usomaji wake ulikuwa wa pande mbili, kwa macho upande wa nje na kwa kiganja upande wa ndani.

Hata hivyo, msomaji makini wa zana za wakati huo atagundua jambo. Miongoni mwa nyundo na fuawe mlikuwamo miko ya chuma mirefu na bapa, iliyokusudiwa kupenyezwa katika upenyo mwembamba kati ya bamba la nje na kiunzi cha ndani. Mwiko huo ulifanya kazi mbili: kuegemezwa kama fuawe mahali mkono usipopita, na kutumika kama wenzo wa kusukuma bonyeo polepole kutokea nyuma. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba tatizo la nyuma kufungwa lilikuwa limekwishaanza katika milango na kebini kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Lilikuwa bado halijafika kwenye sanduku.

Jinsi nyuma palivyofungwa

Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa pikapu ya kifahari iliyoitwa Cameo Carrier. Ubavu wake ulikuwa laini tangu kebini hadi nyuma, bila madigadi kutokeza. Siri yake ni kwamba sanduku la kawaida la chuma lilikuwa bado limo. Juu yake yalikuwa yamebandikwa mabamba ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Mwaka 1957 Ford ilileta ubavu laini wa aina hiyo katika chuma kwa jina la Styleside, na mwaka 1958 Chevrolet ikafuata kwa Fleetside. Sanduku la zamani lenye madigadi ya nje liliendelea kuuzwa, lakini soko lilikuwa limeshaelekea kwingine.

Badiliko hili halikuwa la sura tu. Gurudumu lililokuwa nje ya sanduku sasa lilikuwa chini ya ubavu mmoja mrefu, na bamba la nje likawa pana, tambarare na jepesi kuonyesha kila kasoro. Kisha likazuka tatizo jipya. Mzigo uliotupwa ndani ya sanduku lenye ukuta mmoja ulitengeneza vinundu upande wa nje, tena katika ubavu uleule ambao mnunuzi alikuwa ameulipia kwa sababu ya uzuri wake. Suluhisho la viwanda lilikuwa kuweka ukuta wa pili wa ndani, na katika miaka ya 1960 na 1970 ukuta huo ukawa jambo la kawaida. Hapa pana kinaya ambacho sijakiona kikisisitizwa ipasavyo: ukuta uliowekwa ili kuulinda ubavu dhidi ya mzigo ndio uliomzuia fundi asiufikie ubavu huo ulipogongwa na gari jingine. Kiwanda kilipunguza aina moja ya bonyeo na kuifanya aina nyingine kuwa ngumu kurekebisha.

Fundi angefanyaje? Kufungua haikuwezekana, kwa kuwa kuta ziliunganishwa kwa kuchomelewa na si kwa bolti. Kukata dirisha katika ukuta wa ndani, kupiga, kisha kulichomelea tena kuliwezekana na kulifanyika, lakini joto la kuchomelea hupinda bamba na hufungulia kutu njia mpya. Mwiko uliweza kupita kwenye matundu ya taa za nyuma au ya kutolea maji, ila urefu ukizidi mwiko wenyewe hupinda kabla ya bonyeo kusogea. Zikabaki njia mbili, kuvuta na kufukia.

Risasi, skrubu na puti

Kufukia hakukuanza na puti. Viwanda vyenyewe vilifukia maungio ya bodi kwa mchanganyiko wa risasi na madini ya bati, kwa kawaida sehemu 70 kwa 30, na mafundi wa mitaani walitumia mchanganyiko huohuo. Sifa yake kubwa ni kwamba hauyeyuki ghafla. Kati ya nyuzi joto 183 na takriban 255 za Selsiasi huwa kama uji mzito, na katika hali hiyo fundi huutandaza kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta ya mnyama au nta ili usigande. Kabla ya hapo bamba lazima lisuguliwe hadi ling'ae na kupakwa tabaka jembamba la kushikia. Baada ya kupoa hukwanguliwa kwa tupa pana. Kazi ya risasi inayofanywa kwenye ubavu uliosimama wima, moto mkono mmoja na kibao mkono mwingine, ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za fundi wa bodi. Moto ukizidi kidogo, uji wote humwagika miguuni. Tena ni kazi yenye sumu. Vumbi la risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono inayoshika chakula, na ndiyo maana viwandani usagaji wake ulitengwa katika vyumba maalumu.

Puti ya poliesta, yaani gundi ya plastiki iliyochanganywa na unga laini wa talki na kugandishwa kwa kemikali, iliingia katika gereji za Marekani katikati ya miaka ya 1950. Tarehe hii ni muhimu kwa hoja yetu, kwa sababu ni miaka ileile ambamo Cameo Carrier na Styleside zilitoka. Sidai kwamba moja ilisababisha nyingine. Puti ingeenea hata kama pikapu zingebaki na madigadi ya nje, kwa kuwa haikuhitaji moto, haikuwa na risasi, na iliganda kwa dakika chache. Ninachodai ni kwamba ilikuta mahitaji tayari: mabamba mapana, yasiyofikika nyuma, ambayo moto ungeyapinda.

Kuhusu kuvuta, njia iliyoenea ilikuwa ya kutoboa. Fundi alitoboa matundu madogo kwa keekee kufuata mstari wa mkunjo, akaingiza skrubu iliyofungwa kwenye mwisho wa fimbo yenye uzito unaoteleza, kisha akaurusha uzito huo kuelekea kwake ili ugonge kishikio. Kila pigo huvuta bamba kidogo. Ikiwa fundi anazijua kanuni za Sargent, ataanza na mikunjo ya pembeni na kuacha katikati kurudi kwenyewe, akigonga kingo zilizoinuka kwa nyundo wakati skrubu ikiwa bado imelivuta bamba. Asipozijua, atavuta katikati kwa nguvu hadi bamba litanuke na kutokeza ncha kuzunguka kila tundu. Baadaye zilikuja mashine za kuchomelea vijiti vidogo juu ya bamba ili vivutwe na kisha kukatwa, na haja ya kutoboa ikapungua.

Tatizo la matundu halikuwa la siku ile. Kama hayakuzibwa kwa kuchomelewa au kwa shaba, puti ilipenya na kutokeza nyuma katika vinundu, na unyevu uliokusanyika kati ya kuta mbili ukapanda kupitia matundu hayo hadi chini ya puti. Puti hiyo hunyonya maji. Baada ya misimu kadhaa rangi huvimba mahali palepale palipokuwa na bonyeo, na mwenye gari humlaumu fundi. Lawama hiyo ni ya haki kwa nusu yake. Fundi aliyeacha matundu wazi alijua anachofanya. Lakini hata fundi mwaminifu aliyeyaziba hakuwa na namna ya kupaka rangi nyuma ya bamba alilolichoma, kwa sababu nyuma hapakuwa na mlango.

Hapa ndipo hoja ya Braverman inapohitaji kupunguzwa makali. Kuvuta bila kuona nyuma kunadai usomaji wa bamba ulio mgumu kuliko kupiga, kwa kuwa fundi amepoteza nusu ya hisia zake na hubakiwa na kiganja cha nje peke yake. Ujuzi ulihama. Kilichoshuka ni adhabu ya kutokuwa nao: asiyejua kuvuta angeweza kuficha udhaifu wake chini ya puti nene, jambo ambalo asiyejua risasi hakuliweza. Na ndivyo ilivyotokea mara nyingi, hata kwenye madigadi yaliyofunguka kwa bolti na ambayo nyuma yake palikuwa wazi kabisa. Ushahidi huu unaipinga hoja yangu na sina sababu ya kuuficha. Bei ya saa ya kazi nayo ilikuwa na kauli yake, si umbo la bodi peke yake.

Pikapu iliyobaki wazi: Land Rover

Ili kupima kama umbo la bodi lina uzito wowote, yafaa kutazama gari lililofuata njia tofauti katika miaka hiyohiyo. Land Rover ilizinduliwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kampuni ya Rover ikaamua kutumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Ili kuepuka gharama ya mashine za kukandamiza, mabamba yalifanywa tambarare yenye mikunjo sahili. Madigadi ya mbele hufunguka kwa bolti. Sanduku la nyuma limeungwa kwa ribiti na kuchomelewa kwa nukta, na kingo zake zimefunikwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Kebini ya pikapu yenyewe huweza kung'olewa.

Sehemu zisizofikika zipo: pembe za sanduku, chini ya kingo za zinki, na milango ambamo ngozi ya alumini imekunjwa kuzunguka fremu ya chuma. Lakini ribiti hutobolewa na kuondolewa, na baada ya kazi hupigwa nyingine. Kwa lugha ya makala haya, Land Rover ilibakiza njia ya kufungua wakati pikapu za Marekani zilikuwa zinaifunga. Hilo halikutokana na huruma kwa mafundi. Lilitokana na uhaba wa chuma na wa fedha.

Alumini ina masharti yake. Hukakamaa upesi ikipigwa na hupasuka fundi asipoilainisha kwa moto. Nayo haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kifanyavyo, hivyo jicho haliwezi kumwonya fundi. Mafundi huipaka sabuni ya kipande na kungoja alama igeuke kahawia iliyokolea, ndipo huondoa moto. Risasi haishiki juu yake kwa njia za kawaida. Na sumaku, ambayo mnunuzi wa gari la chuma huipitisha ubavuni ili kugundua puti, haisaidii kitu hapa, kwa kuwa hainati kwenye alumini hata pasipo na puti. Mnunuzi hana budi kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

Tofauti hii ilikuwa na maana kubwa nchini Tanzania, ambako magari haya yalitumika sana katika barabara za vumbi na matope. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Uganda na upungufu mkubwa wa fedha za kigeni, vipuri viliadimika. Ni mwaka 1984 ndipo serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa mbalimbali kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa zilikotoka. Katika hali hiyo fundi wa gereji bubu, yaani gereji isiyo na kibao wala leseni, hakuwa na bamba jipya la kubadilisha. Alinyoosha kile ambacho mwenzake wa Marekani angekitupa. Gari ambalo bodi yake ilifunguka kwa spana na kutobolewa ribiti lilimruhusu kufanya hivyo chini ya mti, bila mtungi wa gesi. Katika mazingira hayo, muda wa fundi ulikuwa rahisi kuliko bamba, na hesabu iliyoipa puti ushindi kule Marekani iligeuka.

Bamba kama hati

Mambo haya yanamhusu mtafiti moja kwa moja, kwa sababu pikapu za kale sasa zinakarabatiwa kwa wingi, na kila ukarabati huondoa ushahidi. Nyuma ya digadi la Land Rover ambalo halijawahi kubadilishwa mna alama za nyundo zinazoonyesha fundi alianzia wapi, alitumia nyundo ya uso gani, na kama alilainisha alumini kabla ya kupiga. Digadi jipya likifungwa, hati hiyo huuzwa kama chakavu. Kwa upande wa pikapu za chuma zenye kuta mbili, alama zimo gizani kati ya kuta: ncha za matundu ya skrubu, matone ya shaba, vinundu vya puti vilivyopenya. Kamera nyembamba ya kuchungulia inayopitishwa kwenye tundu la taa ya nyuma inatosha kuzipiga picha. Kazi hiyo lazima ifanywe kabla ya fundi wa sasa kupuliza nta ya kuzuia kutu, kwa kuwa nta ikishaenea ndani, tundu lililozibwa na tundu lililoachwa wazi hayatofautiki tena.